Mgonjwa Anayerudi: Kufundisha Uuguzi wa Magonjwa Sugu Shinyanga na Geita

Mwanafunzi wa uuguzi anayepelekwa wodini kwa mazoezi ya vitendo humkuta mgonjwa wa shinikizo la juu la damu akiwa ameshapooza upande mmoja. Mwenye kisukari humkuta hajitambui, au kidole chake cha mguu kimeshaoza na jina lake liko kwenye orodha ya upasuaji. Mwanafunzi anajifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, kumsafisha kinywa, kupima mkojo, kuhesabu matone ya dripu. Ni stadi za lazima, wala hakuna mkufunzi atakayezidharau. Lakini mgonjwa akisharuhusiwa, yeye na mwanafunzi wameachana. Miaka aliyoishi na ugonjwa kabla ya kuletwa hospitali kwa bodaboda haimo kwenye daftari la mazoezi, na ile atakayoishi nao baada ya hapo haimo pia.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba tunafundisha magonjwa sugu mahali ambapo udhibiti wake umekwisha kushindikana, ilhali mahali yanapodhibitiwa pako hatua chache kutoka wodini. Mahali hapo ni kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ambayo kila mtu huiita CTC. Mwanafunzi hupita hapo, lakini hupita kama mgeni wa ugonjwa mmoja. Hakuna anayemwambia kwamba ameingia katika shule kamili zaidi ya magonjwa sugu tuliyo nayo nchini.

Ukubwa wa mzigo unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya hatari, uliofanyika mwaka 2012 kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, ulionyesha kwamba takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Serikali ilizindua mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza mwaka 2019. Takwimu za kitaifa, hata hivyo, hazisemi yote kuhusu ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ambako magonjwa haya hayaji moja moja.

Chukua vumbi. Vipimo vya hewa vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania vilikuta kwamba vumbi la silika wakati wa kutoboa mwamba chini ya ardhi lilizidi kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini kwa zaidi ya mara 300. Vumbi hilo hukwangua mapafu na kuacha makovu yasiyopona, na mapafu yenye makovu hukaribisha kifua kikuu. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, aliyemaliza dozi ya kifua kikuu na bado anakohoa na kuhema anapopanda mlima huenda ana silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Kisha zebaki. Huko Rwamagasa, ambayo sasa ni sehemu ya mkoa wa Geita, watafiti walikuta takriban mmoja kati ya kila wachoma dhahabu wanne ana dalili za sumu ya zebaki ya muda mrefu: mikono kutetemeka, kuyumba anapotembea, usahaulifu. Mtu wa namna hiyo akifika zahanati ni rahisi kudhaniwa mlevi. Ongeza VVU, ambavyo mkoani Shinyanga vilikuwa asilimia 7.4 ya watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2011–12, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Ongeza na selimundu, iliyoenea sana Kanda ya Ziwa, ambayo watoto wake sasa wanafikia utu uzima na kuingia wodi za watu wazima zisizowajua.

Jambo moja lililo la machimbo hasa ni kuhama. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likikauka Nyarugusu, watu wanakwenda Mwakitolyo. Habari za mwamba mpya zikisikika Chunya, wengine wanapanda basi usiku huohuo. Wafanyakazi wa migodi mikubwa, Geita au Bulyanhulu, wana mwajiri anayewajibika kwa afya zao kazini. Mchimbaji mdogo, mwenye karasha ya kusagia mawe, na mama anayewapikia wana kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, wakiwa nayo.

Hapo ndipo CTC inapotufundisha. Tangu dawa za kufubaza VVU zianze kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, nchi ililazimika kujenga kitu ambacho haikuwahi kuwa nacho: huduma ya mtu mzima anayejisikia vizuri lakini anayepaswa kurudi maisha yake yote. Kwa hiyo akapewa namba yake, kadi yake na tarehe yake ya kurudi. Kuna rejesta ya miadi, na asiyetokea hupigiwa simu au hufuatwa nyumbani na mtoa huduma wa jamii. Wingi wa virusi hupimwa ili kujua kama dawa inafanya kazi au hainywewi. Aliye imara anaweza kuchukua dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Anayehama hupewa barua ya uhamisho ili aendako wasianze upya. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanywa na muuguzi.

Sasa mlinganishe mgonjwa huyo wa CTC na mwenye presha aliyekaa benchi la ng'ambo ya ukuta. Dawa za yule ni bure. Huyu ananunua, au anategemea bima, au anategemea msamaha ambao lazima auombe. Asipotokea mwezi ujao, hakuna rejesta itakayomuuliza. Timu iliyochunguza vituo vya afya vya Mwanza na kuchapisha matokeo mwaka 2014 katika jarida la The Lancet Global Health ilikuta miongozo, vipimo na dawa za msingi za presha na kisukari ni pungufu, mafunzo na taarifa ni dhaifu, na huduma za VVU zikiwa imara kuliko hizo. Wanaotibiwa ni walewale, wanaowahudumia ni walewale, na jengo mara nyingi ni lilelile. Kwa maoni yangu tofauti hiyo inaanzia darasani. VVU tunavifundisha kama somo lake, presha kama somo lake, na mwanafunzi hapewi nafasi ya kugundua kwamba utaratibu wa kumrudisha mgonjwa ni mmoja.

Nadharia ya kuliunganisha somo hili ipo, na imetoka ndani ya taaluma yetu wenyewe. Muuguzi Juliet Corbin na mwanasosholojia Anselm Strauss, katika kitabu chao cha mwaka 1988 kuhusu kuishi na ugonjwa sugu nyumbani, walisema mgonjwa ana kazi tatu zinazoshindania siku moja: kazi ya ugonjwa, kazi ya maisha ya kila siku, na kazi ya kujielewa upya kama mtu ambaye mwili wake umebadilika. Muuguzi anayeona kazi ya kwanza peke yake atatoa ushauri usiotekelezeka, kisha atamlaumu mgonjwa.

Mfikirie mama wa miaka hamsini na kitu anayepika chakula machimboni. Ana presha, amepewa dawa ya kukojosha na ameambiwa ainywe asubuhi. Anaamka saa kumi usiku kuwasha moto. Saa moja wachimbaji wamejaa. Choo kiko mbali, na akiondoka hana wa kumwachia sufuria wala hela. Basi siku za biashara dawa anaiacha, na siku ya kliniki anainywa. Mwanafunzi akimuuliza, "Mama, dawa unakunywa?" atajibiwa, "Nakunywa, mwanangu," na jibu hilo ni la kweli kwa siku hiyo. Presha itasomeka juu, daktari ataongeza dawa ya pili, na gharama itapanda. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa kuiona kazi ya pili atauliza, "Shikamoo mama. Siku ambayo wateja ni wengi, dawa unainywa saa ngapi?" Swali hilo linampa mama ruhusa ya kusema. Mashauriano yanaweza kuishia kwenye kubadilisha saa ya dawa au kubadilisha dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa sugu wanaofuata tiba kama walivyoelekezwa. Kwa hiyo kulijua swali hili ni stadi ya uuguzi sawa na kuchoma sindano, na ifundishwe kwa mazoezi kama sindano inavyofundishwa.

Mguu wa mwenye kisukari nao unastahili saa nzima ya somo la vitendo, na usomwe kwenye kliniki kabla haujaonekana chumba cha kufungia vidonda. Mwanafunzi apige magoti, avue kandambili au katambuga za mgonjwa mwenyewe, atazame katikati ya vidole ambako maji ya kuchekecha udongo huacha ngozi laini na iliyochanika. Aguse nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, mgonjwa akiwa amefumba macho, na asikilize anaposema "hapo" na anapokaa kimya. Kisha aingize mkono ndani ya buti la mgonjwa na kupapasa: changarawe, msumari, mshono uliofumuka. Mtu asiyehisi nyayo zake anaweza kutembea siku nzima juu ya jiwe. Nimeona wanafunzi wanaojua kwa ghibu hatua zote za kusafisha kidonda kikubwa ambao hawajawahi kuingiza mkono katika kiatu cha mtu.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila mwanafunzi wa stashahada, katika mafunzo yake ya miaka mitatu, akabidhiwe watu wazima wawili wa kuwafuata kwa mwaka mzima: mmoja wa CTC na mmoja wa kliniki ya presha au kisukari. Akutane nao siku zao za kliniki, hata kama siku hiyo ratiba yake iko wodi nyingine. Njia hii si ngeni duniani. Tangu mwaka 2004 wanafunzi wa udaktari wa Harvard kule Cambridge, Massachusetts, wamekuwa wakijifunza kwa kuwafuata wagonjwa walewale kwa mwaka. Pale ambapo chuo na hospitali vimekaa pamoja, kama Kolandoto, kuanza hakuhitaji hata nauli.

Pingamizi nazijua. Wakufunzi ni wachache na wanafunzi ni wengi. Ni kweli, na ndiyo maana usimamizi wa kila siku uwe wa muuguzi wa kliniki, atambuliwe rasmi kwa kazi hiyo na apewe muda wake kwenye zamu. Usiri ni pingamizi zito zaidi. Mwanafunzi mwenye sare nyeupe akionekana mlangoni kwa mtu anayeishi na VVU, mtaa mzima umeshaambiwa. Hivyo mgonjwa ndiye achague pa kukutania, na akikataa kutembelewa nyumbani, kukataa huko kuheshimiwe bila kumpunguzia huduma wala kumpunguzia mwanafunzi alama. Na wanaosema wagonjwa wa machimbo watahama katikati ya mwaka wanataja sababu ya kufanya zoezi hili. Mwanafunzi ambaye mtu wake amekwenda Chunya ajifunze kumpigia simu, kuandika barua ya uhamisho ambayo muuguzi wa kule ataielewa, na kuhakikisha imepokelewa. Kwa mwenye presha, barua hiyo huenda ikawa ya kwanza kuandikwa kwa ajili yake.

Mwisho wa yote ni mtihani, kwa sababu wanafunzi husoma kinachopimwa. Katika mtihani wa vitendo tumezoea kuweka mwanasesere wa kuwekewa mpira wa mkojo na mkono wa plastiki wa kutafutia mshipa. Viendelee kuwepo. Pembeni yake iwekwe meza yenye kadi moja ya kliniki: mahudhurio ya mwaka na nusu, mapengo matatu, presha inayopanda baada ya kila pengo, dawa zikiongezwa mara mbili. Mwanafunzi apewe dakika kumi na aulizwe angemuuliza nini mwenye kadi hii kabla hajaongezewa dawa ya nne, na kwa nini angeuliza hivyo. Anayeanza na kipimo cha maabara apate alama zake. Anayeanza na miezi ya mapengo, akataka kujua mtu huyu alikuwa machimbo gani na nani alikuwa akimpikia, apate zaidi.