Safu ya Lugha: Sotoka

Katika tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, ambako malisho ya mifugo yapo jirani na Hifadhi ya Ruaha, neno sotoka lingali na kazi miongoni mwa wafugaji, ijapokuwa maradhi yaliyolibeba jina hilo kwanza, yale yaliyoteketeza ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, yalitangazwa mwaka 2011 kuwa yametokomezwa duniani kote. Sababu ni kwamba jina limerithiwa na sotoka ya mbuzi na kondoo, maradhi ya ukoo ule ule, yaliyothibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008, ambayo dalili zake ni homa kali, makamasi, tongotongo, vidonda vya kinywani na kuhara.

Basi asemaye sotoka na amtaje mnyama, maana aliyesikia kwamba sotoka imekwisha aweza kughafilika, akawaacha mbuzi wake bila kinga. Virusi vya sotoka hiyo ya mbuzi na kondoo havina dawa ya kuviua. Hifadhi ni chanjo, ambayo dozi yake moja humkinga mnyama yapata miaka mitatu. Enyi wafugaji, chanjeni mapema, mtengeni mgonjwa, na mwiteni bwana mifugo bila ya kukawia.