Kutoka Magunia ya Mpunga Hadi Vitanda vya Wageni: Historia ya Mashua za Kerala

Hesabu na miradi yetu imeelezwa kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi nimepewa kazi ya kueleza historia ya jambo ambalo limesemwa sana vikaoni mwaka huu, yaani kununua chombo kikuukuu cha kuvulia, kukikarabati na kukigeuza kuwa hoteli inayoelea. Wapo wanaosema tununue upesi. Wapo wanaosema fedha za akiba hazitupwi majini. Basi kabla ya kupiga kura, ni vizuri tujue waliotangulia walipita wapi.

Mahali panapojulikana sana kwa kazi hii ni Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India, hasa mji wa Alappuzha. Kule, nyuma ya pwani, kuna maziwa, mito na mifereji iliyoungana. Ziwa kubwa linaitwa Vembanad, na karibu yake lipo bonde la Kuttanad, ambako watu hulima mpunga katika mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari. Zamani barabara zilikuwa chache, njia ilikuwa maji. Mpunga ulipelekwa bandari ya Kochi kwa mashua kubwa ziitwazo kettuvallam. Kwa Kimalayalam, lugha ya huko, maana yake ni chombo cha kufungwa kwa kamba. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilitobolewa matundu, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha zikapakwa mafuta meusi ya korosho ili zisioze. Mashua kubwa iliweza kubeba hadi tani 30, na watu waliisukuma kwa pondo.

Mtu wa pwani akisikia hayo hashangai. Sisi nasi tulikuwa na mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za makumbi, chenye tanga la mkeka, kazi ya mafundi wa upande wa Lamu na visiwa vya Wabajuni. Na kazi ya kamba ni ya akina mama, huku na kule. Unguja, pande za Makunduchi na Jambiani, wanawake hufukia makumbi ufukweni, huyafukua baada ya miezi, wakayatwanga na kuyasokota. Alappuzha nako ni mji wa kamba, na wasokotaji wengi ni wanawake.

Lakini mtepe umekwisha. Karne ya 20 ilipoanza ilikuwa imebaki michache, kisha ikapotea kabisa. Leo tunauona kwa mifano tu kwenye makumbusho. Kettuvallam nayo ilikaribia kwisha hivyo hivyo. Barabara na madaraja yalipojengwa, malori yalichukua mpunga. Mashua zikabaki zimefungwa kando ya maji zikioza, na mafundi wa kushona wakakosa kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa biashara ya utalii walizitazama mashua zile kwa jicho jingine. Chombo kilichobeba magunia kwa siku kadhaa kina nafasi ya kutosha watu kulala. Wakaacha umbo la chini vilevile, juu wakajenga paa la mikeka ya mianzi. Palipokaa mpunga pakawekwa vyumba vyenye vitanda, choo na bafu. Mbele pakawa baraza la kukalia, nyuma jiko. Pondo ikapumzika, ikafungwa injini. Mgeni alisafiri polepole mifereji ikipita pembeni, akapikiwa wali na samaki wa kule aitwaye karimeen, usiku akalala humo humo. Wageni walipenda. Mafundi walirudi kazini, na mashua za zamani zilipopungua, mpya ziliundwa kwa kazi hiyo hiyo ya utalii. Leo zipo mamia kwa mamia.

Hapo ndipo kuna neema. Sasa tuangalie upande wa pili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji yupi? Ziwa Vembanad liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yenye thamani kubwa, inayoitwa Ramsar. Pamoja na heshima hiyo, maji yake yamechafuka. Si mashua peke yake, kwani maji machafu ya miji na dawa za mashambani pia huingia. Ila mashua nyingi kupita kiasi zimeongeza mafuta ya injini na uchafu wa vyoo. Anayeumia kwanza ni mvuvi, na mama anayetumia maji yale yale kufua na kuosha vyombo. Mwenye mashua anahesabu fedha, jirani anahesabu hasara.

La pili ni usalama, na hili naomba tulisome mara mbili. Tarehe 7 Mei 2023, katika ufukwe wa Tanur, wilaya ya Malappuram, huko huko Kerala, boti ya watalii yenye ghorofa ilipinduka. Watu 22 walikufa, wengi wao watoto. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na taarifa zilisema ilikuwa boti ya kuvulia iliyogeuzwa kuwa ya abiria. Jamani, tuelewane. Chombo cha kuvulia kimeundwa kubeba uzito tumboni, samaki na barafu. Ukikijengea sitaha ya juu watu wakapanda, uzito unahamia juu, na kikiyumba hakirudi.

Malappuram hiyo hiyo ina historia nyingine inayotuhusu. Mwaka 1998 ndipo ulipozinduliwa mpango wa wanawake wa Kerala uitwao Kudumbashree. Mfano wake mmoja ulitoka Alappuzha, mji wa mashua, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake maskini walijiunga vikundi vya majirani. Kila kikundi kina wanawake kama 10 hadi 20, wanaweka akiba kidogo kidogo na kukopeshana, kama sisi. Leo wanachama ni zaidi ya milioni 4. Wengi wao walianza na vitu wanavyovijua: bustani, ushonaji, upishi. Mwaka 2020 walifungua migahawa ya watu wa kawaida, sahani ya wali rupia 20. Nayo ni hoteli, ingawa haielei.

Basi maoni yangu ni haya. Historia inaonyesha kwamba chombo cha zamani kinaweza kuokolewa na kulisha watu, kama kitapata kazi mpya kabla mafundi hawajaisha. Kwa hiyo wazo si baya. Lakini chombo chetu kikaguliwe kwanza na mkaguzi wa vyombo vya majini na fundi anayejua mataruma na mkuku, ndipo tutoe fedha. Kisijengwe ghorofa. Maji ya choo yaingie kwenye tangi, yasimwagwe wanakovua waume na watoto wetu. Idadi ya wageni iandikwe, na asizidishwe hata mmoja. Na hisa za mwanachama maskini kuliko wote zisiguswe bila ridhaa yake.

Tukishindwa kutimiza hayo, tunaweza kuuza mikeka, kamba na chakula kwa wenye vyombo, tukapata chetu tukiwa nchi kavu. Kura ni yenu, akina mama.