Nani Anaandikwa? Shajara za Tafakuri na Ujumuishi Katika Darasa la Ngoma

Katika kozi za sanaa za maonyesho, mwanafunzi akishacheza huandika shajara ya tafakuri. Mwongozo mmoja unaotumika sana ni mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita: kilichotokea, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa baadaye. Lakini darasa likiwa na mwanafunzi mwenye ulemavu, hatua ya pili humeza nyingine zote. Kurasa zinajaa kuguswa, kutiwa moyo na kushukuru uzima. Mwenzao anageuzwa somo, na ngoma yenyewe haionekani. Nashikilia kwamba uandishi huo unabagua hata ukiandikwa kwa upendo, na kwamba uzito unapaswa kurudi kwenye hatua ya kwanza.

Tuchukue bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa kwa majembe na yenye asili katika kilimo cha pamoja. Akiingia anayetumia kiti mwendo, ni rahisi mwalimu kumkabidhi ngoma: "Wewe utatupigia." Huenda kweli ana mkono mzuri. Ila swali la uchezaji halijaulizwa: kiini cha bugobogobo ni kusimama, au ni jembe kushuka sawia na mdundo? Kama ni jembe, basi mikono, mabega na kiwiliwili vina kazi kamili hata kitini. Kinachobaki ni kupima nafasi kati ya mchezaji na mchezaji, kufunga breki, na kuona jinsi uzito wa jembe unavyomvuta mchezaji mbele linaposhuka. Shajara yenye hayo imefikiri. Kwa kiziwi vilevile: sakafu ya mbao humfikishia mdundo nyayoni, ya saruji humnyima. Anayeandika kwamba mwenzake "alishindwa kufuata mdundo" bila kutaja sakafu, amemtwisha mtu kosa la jengo.

Kumtazama mwenye ulemavu kama mchezaji si jambo geni. Celeste Dandeker, mchezaji dansi wa Uingereza aliyeumia uti wa mgongo jukwaani mwaka 1973, alianzisha kundi la Candoco pamoja na Adam Benjamin jijini London mwaka 1991. Wachezaji wenye ulemavu na wasio nao walipanda jukwaa moja, wakapimwa kwa ustadi. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, inasema jambo hilohilo kisheria: kipaji chao kikuzwe kwa faida yao na pia kwa kuitajirisha jamii. Hapo anatajwa msanii, si mtu wa kuhurumiwa.

Wapo watakaosema kwamba hisia ndizo zinazobadili mitazamo. Sizikatai hisia, nakataa kuzitolea alama, kwa sababu mwanafunzi atajifunza upesi kuandika huruma inayolipa. Tena mwenye ulemavu naye anadaiwa shajara. Akiulizwa amejifunza nini kuhusu ujumuishi, aandike nini? Yeye na wenzake waulizwe maswali yaleyale: ni hatua gani ya uchezaji ilibadilishwa, nani aliamua, na ngoma ilipata au ilipoteza nini?