Tawi, Mche na Maneno Yetu

Mwalimu wa Kiswahili wa Gitega au Muyinga akiona neno lisilofaa katika programu ya kompyuta, je, ana haki ya kulirekebisha? Katika programu huria anayo, na haki hiyo ina historia.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili. Leseni ilimruhusu yeyote kuchukua msimbo, kuubadili na kuusambaza.

Mwaka uliofuata Linus Torvalds alitengeneza Git, baada ya wenzake wa Linux kupoteza matumizi ya bure ya BitKeeper. Kufungua tawi kukawa kazi ndogo: mtu hurekebisha pembeni, na wenye shina wakiridhika, tawi huunganishwa. Nakala iliyojitenga ni mche uliohamishiwa shamba jingine. Aliyeuhamisha huweza kurudisha mavuno yake kwa wenye shina, au akaendelea peke yake. Septemba 2010, baada ya Oracle kuinunua Sun, wachangiaji wengi wa OpenOffice.org waliendelea peke yao wakaanzisha LibreOffice. Shina likadhoofika, mche ukastawi. Tafsiri zilizomo katika msimbo huria hazikulazimika kufa na shina.

Mabishano ya "tarakilishi" na "kompyuta" hayataisha. Ila Git huhifadhi jina la mrekebishaji, tarehe na maelezo aliyoyaandika. Kamusi zetu, kwa bahati mbaya, hutuonyesha neno lililoshinda tu.