Nozeli iliyochakaa humwaga dawa ya kiwanda bure

KABLA ya soda, bia au sharubati kutiwa chupani, matangi, mashine na vifuniko hunyunyiziwa dawa ya kuua viini. Inayotumika sana ni asidi ya perasetiki, ambayo hatimaye huvunjika ikawa asidi ya siki, oksijeni na maji. Hata hivyo, ikiwa kali huchoma macho na mapafu ya wafanyakazi, na ikimwagwa kwa wingi huua bakteria wanaosafisha majitaka.

Hasara kubwa huanzia kwenye nozeli, yaani kijitundu kinachogeuza dawa kuwa manyunyu. Kijitundu hicho huliwa polepole na mkondo unaokipitia. Kipenyo chake kikipanuka kwa asilimia 10 tu, eneo lake huongezeka kwa asilimia 21, na dawa inayopita huongezeka takriban kiasi hicho, shinikizo likiwa lilelile. Kwa macho, manyunyu huonekana hayajabadilika! Kuligundua tatizo si kazi: pitisha maji matupu, yakinge kwa chombo cha kupimia kwa dakika moja, kisha linganisha na nozeli mpya.

Wapo wanaoizimua dawa ili kuokoa fedha. Hilo ni kosa, kwani viini husalia na kinywaji huharibika kikiwa dukani.

Ndani ya matangi, tufe lenye matundu lisilozunguka hulowesha kuta tu. Kichwa kinachozunguka huzipiga kwa nguvu, hivyo huhitaji maji na dawa kidogo zaidi. Kwenye ukanda wa kusafirishia chupa, vali za umeme hufunguka chupa inapofika tu, na ukanda ukikwama, hufungwa.