Kondoa, barafu au wodi ya kifua kikuu

Hapa Mlali ukiuliza habari za Wazungu wa zamani, utapelekwa moja kwa moja kwenye karanga. Si ajabu. Matrekta yaliyoingia Kongwa mwaka 1947 kung'oa mibuyu na vichaka yaliacha hadithi nyingi kuliko mafuta. Lakini miaka michache kabla ya matrekta, nyanda hizi zilikuwa zimeshapokea Wazungu wa namna nyingine kabisa: akina mama, vikongwe na watoto, watu wasio na pa kurudi. Waliwekwa Kondoa, kwenye barabara ya Arusha. Wakaitwa Wapolandi, na yakaishia hapo.

Jina hilo lilificha mengi. Kati ya Wapolandi walioletwa Afrika Mashariki walikuwamo waliozaliwa Wilno na vijiji vyake, na Wilno ndiyo Vilnius ya leo, mji mkuu wa Lithuania. Baina ya vita kuu mbili mji huo ulikuwa mikononi mwa Poland. Lithuania iliudai na haikuupata, ikaendesha serikali yake kutoka Kaunas, umbali wa kilomita 100 hivi. Oktoba 1939 Wasovieti wakairudishia Lithuania mji wake, na katikati ya 1940 wakaimeza Lithuania nzima, mji ukiwa ndani yake.

Hapo ndipo karatasi ilipoanza kuamua maisha ya mtu.

Wasovieti walikuwa wakiwapakia raia wa Poland kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan tangu Februari 1940. Zamu ya Lithuania ilifika tarehe 14 Juni 1941. Kwa siku chache watu wapatao 17,000 walizolewa majumbani. Siku nane baadaye Hitler aliivamia Urusi, na Stalin, ambaye ghafla alihitaji marafiki, akatia saini mkataba na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Raia wa Poland wakapewa msamaha na kufunguliwa. Mwaka 1942 zaidi ya 110,000 kati yao, askari na familia, walivuka Bahari ya Kaspi wakaingia Iran, wengi wakiwa na homa na njaa. Kutoka huko raia wapatao 18,000 waliletwa Afrika Mashariki na ya Kusini. Tengeru ndiyo ilikuwa kambi kubwa, watu karibu 5,000. Nyingine katika Tanganyika zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro na hii yetu ya Kondoa.

Mlithuania wa Kaunas hakuguswa na msamaha huo. Dalia Grinkevičiūtė alikuwa na miaka 14 walipochukuliwa yeye, mama yake na kaka yake. Wakati wasichana wa Wilno wanaelekea kwenye jua la Tanganyika, yeye mwaka 1942 alisogezwa mbele zaidi, hadi Trofimovsk, kisiwa kwenye mdomo wa mto Lena, kando ya Bahari ya Laptev. Watu walikufa kwa baridi na kiseyeye. Aliyewaokoa waliobaki ni daktari mmoja, Samodurov, aliyeshikilia kwamba wapewe chakula chenye nguvu. Dalia alikuja kuwa daktari yeye mwenyewe. Kilomita 100 tu, za kutoka Kaunas hadi Wilno, zilimtenga na Kondoa, pamoja na muhuri wa nchi uliokuwa kwenye hati zake.

Njia ya tatu ilifunguka mwaka 1944. Jeshi Jekundu liliporudi, Walithuania zaidi ya 60,000 walikimbilia magharibi, wakajikuta baada ya vita kwenye kambi za Ujerumani. Kurudi kwao walikataa. Uingereza nayo ilikuwa na shida zake mbili: mafuta ya kula hayatoshi, na mikono ya kazi haitoshi. Kwa shida ya kwanza yakaja mashamba ya karanga ya Kongwa. Kwa ya pili, Oktoba 1946, ikaanza kuchukua wanawake kutoka kambini, Walithuania, Walatvia na Waestonia, wawe na umri wa kufanya kazi na wasiwe na wategemezi. Maofisa wakaupa mpango huo jina la kinda la batamaji wa Baltiki. Kazi yenyewe haikuwa na umaridadi wa batamaji: ilikuwa kudeki, kufua, kuosha vyombo na kutumika jikoni katika hospitali za kifua kikuu, ambako Waingereza wengi hawakutaka kufanya kazi. Dawa ya streptomaisini ndiyo kwanza ilikuwa inajaribiwa.

Lakini hospitali ni mahali pa ajabu kwa mtu asiye na nyumba. Mwanafunzi wa uuguzi alipewa kitanda katika bweni la manesi, chakula, sare na posho kidogo. Kwa binti wa Kiingereza ilikuwa kazi ngumu yenye malipo haba. Kwa mkimbizi ilikuwa anwani. Ndiyo maana, nionavyo mimi, wengi wa Walithuania waliokuja kuwa manesi huko Uingereza hawakuanza na wito bali na ndoo. Waliingia wodini kudeki, wakajifunza Kiingereza kwa wagonjwa waliolala miezi na miezi bila la kufanya ila kuongea, ndipo baadhi wakaomba kusomea. Mpango wa serikali wa matibabu kwa wote ulipoanza tarehe 5 Julai 1948, manesi walikuwa adimu na milango ikawa wazi zaidi.

Wapolandi wa Tanganyika nao waliondoka kidogo kidogo katika miaka hiyohiyo, wengi wakienda Uingereza, Kanada na Australia. Waliokuwa wakiwahudumia wenzao wenye malaria kwenye hospitali ya kambi ya Tengeru walikuwa wameshazoea harufu ya wodi.

Serikali ya Uingereza haikuwaachia wanawake wa Baltiki uhuru mara moja: mtu hakuweza kuacha kazi aliyopangiwa bila ruhusa ya ofisi ya kazi. Kifungo hicho kililegezwa mwaka 1951 kwa waliokwisha kukaa miaka mitatu. Januari ya mwaka huohuo serikali hiyohiyo ilitangaza kuwa imeshindwa na karanga za Kongwa, hasara pauni milioni 36. Wanawake wengi waliondoka kwenye hospitali zile wakaolewa au wakaenda viwandani. Wengine walibaki wodi zilezile walizoanza kwa kuzideki, sasa funguo za kabati la dawa zikiwa kiunoni mwao.