Wangari Maathai, Mtetezi wa Miti

Wakati wa masika Mto Kuja, ukiisha kupokea maji ya Mto Migori, huingia katika Ziwa Viktoria kaskazini ya Ghuba ya Muhuru, nao huwa mwekundu kwa udongo. Udongo huo watoka katika mashamba ya vilimani, ambako miti iliyoushika imekatwa. Mkenya aliyelifanya jambo hilo kuwa shauri la siasa alikuwa Wangari Maathai.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mti wa mugumo, na jirani yake kijito. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye, baada ya masomo ya Marekani, aliukuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka.

Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walipanda miche, wakapewa ujira mdogo kwa kila mche uliostawi. Lakini mche haujilindi; mwenye mamlaka aweza kuung'oa kwa amri moja. Kwa hiyo Wangari aliingia katika siasa, na siasa haikumpokea kwa upole. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na kazi yake hakurudishiwa. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, hata likaachwa. Mwaka 1997 alishindwa katika uchaguzi, na mwaka 1999 alipigwa akitetea msitu wa Karura.

Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge, akawa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Hata hivyo, mwaka 2007 Tetu ilimnyima kura. Cheo kilikwisha, lakini Karura ungali msitu, na Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza asizikwe katika jeneza la mbao. Basi lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, yale yale yanayowasumbua wavuvi wa ziwa letu. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake.